Majibu ya patholojia yanasema STIC kwenye mrija wa uzazi: madaktari watatu, ushauri wa aina tatu

Kaka wa Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naleta suala la dada yangu mkubwa. Ameniruhusu, maana yeye mwenyewe amechoka kulieleza.

Ana miaka 43 na amerithi hitilafu ya jeni ya BRCA1. Mama mdogo wetu alifariki kwa saratani ya ovari, ndiyo sababu dada akapimwa. Akashauriwa atolewe ovari na mirija kabla ugonjwa haujaanza, akakubali. Upasuaji ulikuwa wa matundu, akarudi nyumbani mapema, sote tukajua yameisha. Majibu ya patholojia ndiyo yametuvuruga. Ovari zote mbili salama. Mrija wa kushoto salama. Mrija wa kulia, kwenye fimbria (ncha ya mrija), kuna STIC ya milimita 2, wanasema ni seli zenye sura ya saratani, ila "bila uvamizi".

Daktari aliyempasua anasema hakuna cha kuongeza, arudi baada ya miezi sita apimwe damu. Wa pili anataka kumfungua tena akague tumbo zima. Wa tatu ni rafiki wa familia, faili lenyewe hajaliona, anasema kemo ianze mara moja kwa sababu saratani ni saratani. Dada ananiambia nimsaidie kuchagua, na mimi ni fundi umeme.

Mwenye kuelewa jambo hili atufungue macho.

Mpita Njia

Pole sana mkuu, naweka kambi hapa. Hivi mirija nayo inapata saratani? Mimi najua ovari na shingo ya kizazi tu. Na dada yako hakuwa anafanya kile kipimo cha Pap?

Darubini

Kaka wa Pili, mpe dada pole, na mwambie hakuna cha kukimbilia wiki hii. Kazi yangu ni kusoma slaidi, patholojia ya magonjwa ya wanawake, kwa hiyo nitaanzia upande wangu. Hata hao madaktari watatu walipaswa kuanzia hapo kabla ya kupishana.

Nimjibu Mpita Njia kwanza. Kipimo cha Pap kinachukua seli za shingo ya kizazi. Mrija uko mbali na hapo, hakiugusi kabisa.

Kuhusu mirija kuugua: kwa miaka mingi wataalamu walitafuta chanzo cha saratani ya ovari ndani ya ovari, wasikione. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi walichunguza mirija ya wanawake wenye hatari ya kurithi, waliotolewa viungo wakiwa hawaumwi. Walikuta seli zilizoharibika ndani ya mirija. Miaka michache baadaye wenzetu wa Boston wakaacha mtindo wa kuchukua kipande kimoja cha mrija na kutupa kilichobaki. Wakaukata wote vipande vyembamba, hasa ncha yake, wakatazama kila kimoja. Ikaonekana kwamba mabadiliko mengi yako kwenye fimbria, vile vidole vya mwisho wa mrija vinavyolalia ovari.

Leo inakubalika kwamba sehemu kubwa ya ile saratani kali ya ovari, aina iitwayo serasi ya daraja la juu, huanzia kwenye vidole hivyo. Seli zinabanduka, zinadondokea kwenye ovari au kwenye utando wa tumbo, zinaota huko. STIC ni hatua ya kabla ya hayo. Seli zina sura ya saratani na jeni ya TP53 imeshaharibika, lakini bado ziko ndani ya tabaka la juu la mrija, hazijachimba. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017, wa wagonjwa wachache, ulikadiria kwamba kutoka STIC hadi saratani ya ovari hupita takriban miaka 7 kwa wastani.

Sasa swali langu kwako ni moja: nani alisoma slaidi, na alitumia rangi gani?

Nauliza kwa sababu kwenye fimbria kuna vitu vinavyofanana na STIC. Kuna kile tunachokiita saini ya p53: mstari wa seli kuanzia 12 zilizopangana, zina sura ya kawaida kabisa, ila ukizipaka rangi ya kingamwili ya p53, yaani protini ya jeni ile ya TP53, viini vyao vinakolea kahawia. Hiyo huonekana hata kwa wanawake wasio na hatari yoyote na haihitaji kufanyiwa kitu. Kuna hali ya katikati, STIL, ambayo imevuka saini lakini haijatimiza masharti ya STIC. Halafu ndiyo STIC yenyewe: viini vikubwa, vyeusi, vimepandana bila mpangilio, silia (vinyweleo vya juu ya seli) zimepotea, p53 si ya kawaida, na kipimo cha kasi ya kugawanyika, Ki-67, kimepanda, kwa kawaida zaidi ya asilimia 10.

Hiyo p53 ina mtego. Mara nyingi inakolea sana. Lakini kuna STIC ambazo jeni limevunjika kiasi kwamba protini haitengenezwi kabisa, hivyo slaidi inatoka nyeupe pe. Msomaji mwenye haraka ataona weupe, aandike "kawaida". Kinyume chake pia hutokea: mtu anaona kahawia, anaandika STIC, kumbe ni saini tu. Wanapatholojia wakisoma kwa macho peke yake bila hizo rangi mbili, hutofautiana sana. Ndiyo maana kabla ya kisu cha pili wala dawa yoyote, slaidi zisomwe upya na mtu aliyezoea mirija.

Kaka wa Pili

Asante sana Darubini. Kwenye karatasi sioni neno p53 wala Ki-67. Imeandikwa STIC, upande, ukubwa, basi. Hii ina maana majibu si ya kweli?

Darubini

Hapana. Huenda rangi zilipakwa na hazikuandikwa. Huenda pia hazikupakwa. Uliza hilo. Uliza na kama mrija ulichunguzwa wote kwa utaratibu wa SEE-FIM: fimbria inakatwa sentimita 2 hivi kutoka ncha, inapasuliwa kwa urefu, mrija uliobaki unakatwa kama pete za milimita 2 hadi 3, na kila kipande kinaingia kwenye nta. Kama walichukua vipande viwili vitatu tu, basi "mrija wa kushoto salama" maana yake ni kwamba vile vipande viwili vitatu vilikuwa salama.

Kama kuna tishu iliyobaki kwenye fomalini, inaweza bado kuingizwa kwenye nta na kusomwa. Kuna maabara hawaitunzi muda mrefu, kwa hiyo simu hiyo ipigwe leo.

Nesi wa Zamu

Naongezea kwa upande wa makaratasi, hapa ndipo watu wanapokwama. Mkienda kuomba maoni ya pili msiende na karatasi ya majibu peke yake. Ombeni slaidi zenyewe na blokii za nta, maana msomaji wa pili akitaka kupaka rangi mpya anahitaji nta ikatwe tena. Hospitali kwa kawaida wana fomu yake. Mbebe pia maelezo ya upasuaji, yale aliyoandika daktari siku ile. Humo mtafute mambo mawili: je, tumbo lilioshwa na yale maji yakapelekwa maabara kutafutwa seli? Na je, daktari aliandika kwamba alitazama utando wa tumbo, chini ya kiwambo, kwenye omentamu (pazia la mafuta linalofunika utumbo) na utumbo, au aliandika ovari na mirija tu?

Hayo mawili yataamua mengi kuliko maneno ya rafiki wa familia.

Darubini

Nesi umenitangulia. Blokii zitunzwe vizuri, maana kitu cha milimita 2 kikikatwa mara nyingi kinaisha. Nimeshapokea blokii ambayo STIC ilikuwa kwenye slaidi ya kwanza tu, nikikata zaidi hakuna kitu. Ndiyo maana slaidi za awali hazitupwi wala hazipotezwi njiani.

Tiba Asili 1

Ndugu usihangaike na visu. Nina dawa ya kusafisha kizazi na mirija, inatoa uchafu wote kwa wiki mbili. Njoo PM.

Nesi wa Zamu

Mirija yenyewe imeshatolewa, iko kwenye nta. Utasafisha nini?

Mwanafunzi wa Tano

Heshima kwenu wakubwa. Mimi niko mwaka wa tano udaktari, naomba nimtetee kidogo yule daktari wa tatu. Kama seli za STIC zinabanduka na kuangukia tumboni, na kama saratani ikishaota kwenye utando wa tumbo ni ngumu kuponya, kwa nini tusiue zilizobanduka kwa kemo sasa hivi zikiwa chache? Tuna ushahidi kwamba hatari ipo. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliounganisha takwimu za wanawake zaidi ya 3,000 waliotolewa mirija na ovari kwa kujikinga ulionyesha kwamba wenye STIC walipata saratani ya utando wa tumbo kwa asilimia 10.5 ndani ya miaka 5 na asilimia 27.5 ndani ya miaka 10. Wasio na STIC ni asilimia 0.3 na 0.9. Hiyo tofauti si ndogo.

Darubini

Kijana, takwimu umezinukuu sawasawa, na ndizo zinazonifanya nisikubaliane na yule daktari wa kwanza anayesema hakuna cha kuongeza. Asilimia 27.5 si ya kumwambia mtu arudi baada ya miezi sita kisha basi.

Lakini zisome hadi mwisho. Wenye STIC katika uchambuzi ule walikuwa 115 tu. Kwa hiyo makadirio ya miaka 10 yana upana mkubwa, kuanzia karibu asilimia 16 hadi 44. Na wengi wa hao 115 mirija yao ilitolewa nyakati na mahali tofauti, uchunguzi wa tumbo haukuwa wa aina moja. Inawezekana baadhi yao siku ile ya upasuaji walikuwa tayari na ugonjwa uliojificha ambao hakuna aliyeutafuta.

Kuhusu kemo, hoja yako inapendeza ukiwa ubaoni. Hakuna jaribio la kimatibabu lililoonyesha kwamba kemo kwa mtu mwenye STIC peke yake inazuia saratani ya baadaye. Dawa hizi hufanya kazi vizuri kwenye seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli chache zilizolala kwenye utando wa tumbo kwa miaka si shabaha rahisi. Wakati huohuo kaboplatini na paklitakseli zinaharibu neva za vidole, zinashusha damu, na mtu mwenye BRCA1 anaweza kuja kuzihitaji kweli siku moja. Kwa hiyo STIC tupu, iliyothibitishwa, tumbo limechunguzwa na ni safi: kemo haipendekezwi kama utaratibu wa kawaida. Panapokuwa na seli za saratani kwenye maji ya kuoshea tumbo, hapo madaktari hujadili kila mgonjwa kwa hali yake, na wapo wanaotoa. Na ukikutwa uvamizi popote, hata wa milimita chache, tumeondoka kwenye STIC. Hiyo ni saratani, inatibiwa kama saratani, na kwa mwenye BRCA kuna vidonge vya kuzuia PARP (protini inayosaidia seli kurekebisha DNA yake) kama olaparibu baada ya kemo.

Mwanafunzi wa Tano

Nimekuelewa mkuu. Basi je, hizo dawa za PARP zisitumike badala ya kemo kwa STIC?

Darubini

Hazijathibitishwa kwa matumizi hayo. Nje ya utafiti nisingempa mtu.

Mbeba Jeni

Nimesoma uzi huu nikitetemeka kidogo, kwa sababu ni habari yangu. Mimi ni BRCA2. Nilitolewa mirija na ovari kwa kujikinga, ikakutwa STIC upande wa kushoto. Ni miaka kadhaa sasa.

Kaka wa Pili, nikuambie kile ambacho hakuna aliyeniambia. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa pili, wa matundu tena. Waliosha tumbo, wakachukua vinyama vidogo vidogo sehemu mbalimbali za utando, wakatoa omentamu. Tezi za limfu hawakutoa, walisema kwa STIC haina faida ya wazi. Mfuko wa uzazi niliachiwa pia. Nilipona haraka kuliko nilivyoogopa. Majibu yalikuwa safi. Kilichofuata ndicho kigumu: kuishi na jibu safi ambalo haliniambii kwamba imekwisha.

Na kitu kingine. Nilikuwa na miaka 44, ovari zikatoka, hedhi ikakoma kwa siku moja. Joto la usiku, shuka linalowa, usingizi hakuna, mume anadhani nimemkasirikia. Hospitali niliyotibiwa kila mtu alizungumzia STIC, hakuna hata mmoja aliyezungumzia ukomo wa hedhi mpaka nilipouliza mwenyewe. Dada yako anaendeleaje upande huo?

Kaka wa Pili

Dada Mbeba Jeni, umegusa penyewe. Halali. Tulidhani ni mawazo.

Nesi wa Zamu

Yanaweza kuwa yote mawili, lakini msiliache hilo. Ovari zikitolewa mapema, mbali na joto na usingizi, mifupa inapungua nguvu na hatari ya moyo inapanda. Kwa mwenye BRCA ambaye hajawahi kuugua saratani ya titi, homoni za kurudishia zinakubalika hadi karibu na umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, miaka 50 na kidogo. Akiwa aliwahi kuugua titi, mazungumzo ni tofauti. Kuwa na STIC kwenye majibu si sababu ya daktari kukwepa swali. Aulize moja kwa moja, na kipimo cha uzito wa mifupa kiwekwe kwenye ratiba.

Kaka wa Pili

Hajawahi kuugua titi. Nitamwambia.

Niulize la kijinga: alipigwa ultrasaundi kabla ya upasuaji, na CA-125 (kile kipimo cha damu) ikapimwa, vyote vikatoka vizuri. Vilikosea?

Darubini

Si swali la kijinga. Havikukosea, vilitafuta kitu ambacho hakimo. STIC haina uvimbe. Ni eneo dogo kwenye tabaka la juu la seli, lenye upana wa milimita moja mbili, mara nyingi chini ya hapo, ndani ya mikunjo ya vidole vya mrija. Kwa ultrasaundi ni sawa na kutafuta punje ya mchanga kwenye nguo iliyokunjwa. Na CA-125 hupanda ugonjwa ukiwa na wingi fulani. Jaribio kubwa la Uingereza lililofuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wa kawaida, matokeo yake ya mwisho yalitoka 2021: kuwapima CA-125 na ultrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari na mirija.

Nalisema hili sasa kwa sababu mtaambiwa mfuatilie kwa vipimo hivyohivyo. Desturi iliyopo kwa wenye STIC ni kuonwa na daktari na kupimwa CA-125 kila baada ya miezi sita hivi, wengine wanaongeza picha. Fanyeni, maana hakuna kilicho bora zaidi kwa sasa. Ila dada asije akakiona kipimo safi kama ngao. Akipata tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara kwa wiki kadhaa mfululizo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Na ufuatiliaji usikatwe miaka mitano ikitimia. Tazama zile takwimu za kijana tena: kati ya mwaka wa 5 na wa 10 hatari inaongezeka zaidi kuliko miaka mitano ya mwanzo. Hapa napishana waziwazi na kliniki zinazomruhusu mtu baada ya miaka mitano kwa kuiga utaratibu wa saratani nyingine.

Mama Tulia

Jamani naomba niingilie. Mimi sina BRCA, wala hakuna anayejua kama ninayo. Nilitolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, wakatoa na mirija, ovari wakaniachia. Sasa naambiwa kwenye mrija kuna hiyohiyo STIC. Nina miaka 52. Hali yangu ni kama ya huyo dada?

Darubini

Pole Mama Tulia. Inafanana, ila utaratibu wako una mambo matatu ya ziada.

La kwanza, jeni. STIC iliyokutwa kwa bahati ni sababu tosha ya kupimwa BRCA na wenzake, hata kama ukoo wako hauna historia. Ombi la kumwona mshauri wa vinasaba liandikwe sasa, lisisubiri mambo mengine.

La pili, ovari zako bado zipo. Kwa umri wako ushauri wa kawaida utakuwa zitolewe, na tumbo lichunguzwe wakati huohuo. Kwa mwanamke kijana ambaye bado anataka kuzaa mazungumzo yangekuwa marefu zaidi.

La tatu linasahaulika sana. Mfuko wako wa uzazi ulitolewa, kwa hiyo ukuta wake wa ndani uko maabara. Mwambie mwanapatholojia autazame kwa makini. Ipo saratani ya serasi ya ukuta huo ambayo seli zake husafiri ndani ya mrija na kujipandikiza juu ya tabaka lake, zikaonekana kama STIC kabisa. Zipo rangi za kusaidia kutofautisha, WT1 ni mojawapo. Ikiwa chanzo ni huko, matibabu yanabadilika. Na wale ambao mfuko wa uzazi bado upo, kama dada wa Kaka wa Pili, daktari aulizwe kama kuna sababu ya kuuchunguza kwa ultrasaundi au kwa kuchukua kinyama. STIC yenyewe hailazimishi kutoa kizazi.

Mpita Njia

Mke wangu alifunga kizazi baada ya mtoto wa mwisho. Si ndiyo ameshakingwa?

Darubini

Kwa kiasi. Kufunga kwa mtindo wa zamani, kubana au kukata katikati, kunapunguza hatari lakini fimbria inabaki. Ndiyo maana sehemu nyingi sasa mwanamke anayetaka kufunga, au anayetolewa kizazi kwa sababu nyingine, anapewa chaguo la kutoa mirija yote na kuacha ovari. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilianza kampeni hiyo mwaka 2010. Walipochapisha hesabu yao 2022, kati ya wanawake zaidi ya 25,000 waliotolewa mirija hawakukuta saratani hata moja ya serasi, wakati kwa makadirio yao wangetarajia kama 5. Muda wa kuwafuatilia bado ni mfupi na wengi wao ni vijana, lakini inaelekea kuzuri.

Kwa mwenye BRCA hiyo pekee haitoshi bado. Utaratibu uliozoeleka ni kutoa mirija na ovari pamoja: BRCA1 kati ya miaka 35 na 40, BRCA2 kati ya 40 na 45. Yapo majaribio yanayoendelea, TUBA ya Uholanzi ikiwa mojawapo, yanayotoa mirija kwanza na ovari miaka baadaye ili hedhi isikome mapema. Kuhusu maisha baada ya upasuaji matokeo ni mazuri. Kuhusu kuzuia saratani jibu linahitaji miaka mingi.

Mama Tulia

Asante daktari. Nimeandika yote kwenye daftari.

Kaka wa Pili

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Slaidi na blokii zimesomwa upya. Majibu yanasema: p53 imekolea isivyo kawaida, Ki-67 asilimia 40, STIC imethibitishwa, hakuna uvamizi. Vipande vilivyobaki vya mirija yote miwili navyo vimeingizwa, havina kitu kingine.

Maelezo ya upasuaji tumeyapata. Tumbo halikuoshwa. Kuhusu utando wa tumbo kumeandikwa sentensi moja tu, "nyonga inaonekana kawaida".

Darubini

Basi sasa hata mimi nina upande. Maoni ya wataalamu kuhusu upasuaji wa pili yamegawanyika, na kama tumbo lingekuwa limeoshwa, likakaguliwa lote na kuandikwa, ningeelewa anayechagua kufuatilia tu. Lakini hapa hakuna maji, hakuna ukaguzi wa juu. Hatujui kama tuna STIC peke yake au STIC na kitu kingine. Daktari wa pili yuko sahihi kwa mgonjwa huyu: matundu, maji, vinyama vya utando, omentamu. Afanye daktari bingwa wa saratani za wanawake, si yeyote aliye na nafasi.

Mbeba Jeni

Na dada apewe muda wa kulia kabla ya tarehe. Mwambie kama anataka kuzungumza aniandikie PM, hata usiku. Usiku ndiyo niko macho bado.

Kaka wa Pili

Nimemfikishia, amesema ataandika. Tarehe ya upasuaji imeshapangwa, na ameanzishiwa homoni kwa dozi ndogo.

Swali langu la mwisho linanihusu mimi. Mama yetu yu hai, hajapimwa. Mimi ni mwanamume, sina mirija. Kuna haja?

Darubini

Ipo. Mama akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kiume kwa wa kike. Mwanamume mwenye BRCA hatari yake ya saratani ya titi na ya tezi dume inapanda, zaidi kwa BRCA2. Na una watoto wa kike?

Kaka wa Pili

Wawili. Nimepiga simu kliniki ya vinasaba leo asubuhi, wananiambia nilete nakala ya majibu ya dada yenye jina kamili la hitilafu yenyewe. Hiyo ni ya lazima kweli au ni urasimu tu?

Nesi wa Zamu

Ni ya lazima. Wakijua hitilafu halisi ya dada wataitafuta hiyohiyo kwako, na ukikutwa huna, jibu linaaminika. Bila hiyo karatasi wakikuta huna kitu hawatajua kama hukurithi au hawakuiona. Chukua nakala mbili, moja ya mama. Mabinti wasubiri wakue, kupima watoto wadogo kwa BRCA hakufanyiki kwa kawaida, na wewe ukikutwa huna, wao hawana cha kupima kwa upande huo.